Kabla Hujabadilisha Breki ya Mbele

Mazungumzo ya mkufunzi wa ufundi wa pikipiki na wanabodaboda wa Malaba na Busia



Nimeombwa nijibu swali ambalo mafundi wa hapa Malaba na kule mjini Busia tunaulizwa kila mara: "Fundi, nitolee hii breki ya dramu ya mbele, uniwekee diski." Jibu langu fupi ni ndiyo, diski ni nzuri. Jibu refu ndilo limenileta hapa.

Kazi hii ilizaliwa kwenye mpaka huu. Jina bodaboda lilitokana na baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Pikipiki zilianza kujaa kuanzia 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa zile zilizo chini ya sisi 250, na nyingi zilikuja na dramu mbele: breki shuu mbili ndani ya habu, zinavutwa kwa waya. Breki hiyo inatosha ikitunzwa na ikibeba kinachotakiwa. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja. Mimi na nyinyi tunajua kinachopandishwa siku ya soko.

Sasa niwaulize. Ni wangapi hapa hugusa breki ya mbele? Naona mikono michache. Wengi walifundishwa na kaka zao kwamba breki ya mbele inarusha. Inarusha ukiinyakua ghafla, au ukiwa kwenye murram au kona. Kwenye lami kavu, ukifinya polepole huku ukiongeza nguvu, ndiyo inayokusimamisha, kwa sababu uzito mwingi unahamia mbele. Ukienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde unakula karibu mita 14. Hizo zinaisha kabla mkono wako haujafinya chochote. Baada ya hapo, breki ya nyuma peke yake itataka kama mita 28 nyingine. Zote mbili zikitumika vizuri, karibu nusu yake. Tofauti hiyo inakaribia urefu wa trela, na nyinyi mnapita kando ya foleni ya trela kila siku. Kwa hivyo mtu asiyegusa breki ya mbele, hata nikimwekea diski ya dhahabu, nimempotezea pesa.

Diski yenyewe si kitu cha jana. Skuta ya Kiitaliano, Lambretta TV 175, ilitoka na diski mbele mwaka 1962. Lakini ilivutwa kwa waya, kama dramu zenu. Leo wengi wanaotunza skuta hizo kuukuu huondoa ule waya na kuweka mfumo wa mafuta. Waya hurefuka, hupata kutu, hukwama ndani ya ganda lake. Mafuta hayabanwi, ukifinya hapa juu, pedi zinasukumwa kule chini papo hapo.

Nitawaambia jambo ambalo sipendi kulisimulia. Miaka iliyopita kijana mmoja aliniletea kaliba aliyoinunua peke yake, bila habu yake, bila mguu wa shokabu wenye mahali pa kuifungia. Akasema, "Mzee, chomelea kipande cha chuma tu." Nikachomelea. Ilionekana safi, nikalipwa. Wiki chache baadaye lori lilisimama ghafla mbele yake, akafinya, kile kipande kikakatika. Kaliba ikaingia kwenye spoku, gurudumu likafunga. Yeye alivunjika mfupa wa bega. Mama aliyembeba, aliyekuwa akienda sokoni ng'ambo, alichubuka uso na mikono. Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Tangu siku hiyo sichomelei kaliba ya mtu yeyote, na fundi akikubali kukufanyia hivyo, chukua pikipiki yako uondoke.

Diski hununuliwa kama familia nzima: habu au rimu kamili ya diski, diski yake, mguu wa shokabu uliotengenezwa kiwandani ukiwa na masikio ya kaliba, kaliba na pedi, mpira wa mafuta, na pampu ya juu kwenye usukani. Pampu na kaliba zitoke seti moja. Pampu ndogo kwa kaliba kubwa, mkono wa breki utafika hadi kwenye mpini. Pampu kubwa kwa kaliba ndogo, utafinya jiwe. Uliza pia habari ya spidomita, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi gia yake hukaa kwenye kifuniko cha dramu. Bei sitaji, duka la upande huu na la upande wa Uganda hayalingani.

Mafuta ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha pampu, DOT 3 au DOT 4. Usitie mafuta ya injini, yatavimbisha mipira yote ya ndani. Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanywa maji inaweza kuchemka kwenye 155, na mvuke ukiingia humo unafinya hewa. Badilisha kila miaka miwili, na usikubali kopo lililokaa wazi chini ya meza ya fundi. Akimaliza kutoa hewa, finya mkono wa breki: ukiwa laini kama sponji, kazi haijaisha. Siku za kwanza finya kwa upole hadi pedi zikae.

Kama pesa haijatosha, dramu nzuri ni bora kuliko diski ya kuungaunga. Badilisha shuu na waya, kaza nafasi ya mkono. Na tairi kipara halisimami kwa breki yoyote, hasa penye dizeli iliyomwagika kwenye foleni mvua ikianza.

Nimekuja na spana na msasa. Anayetaka nifungue dramu yake tuitazame pamoja, asogeze pikipiki pale chini ya mwembe. Tuanze na zile za abiria.