Vitamini Nazo Zina Kipimo
(Mazungumzo na watumiaji wa bidhaa, Tanga)

Mada yetu ni vidonge na dawa za maji za multivitamini, pamoja na nyongeza nyingine za lishe. Leo bidhaa hizi zimeenea kila mahali: famasini, madukani Ngamiani, vituo vya mabasi, katika mabegi ya wachuuzi na ndani ya simu zetu.

Wengi huzinunua kwa hoja moja: “Ni vitamini tu, hata zisiponisaidia hazitanidhuru.” Hoja hiyo ndiyo tuliyokuja kuijadili, kwa kuwa nusu yake si kweli.

Vitamini ni virutubishi ambavyo mwili huvihitaji kwa kiasi kidogo, na kiasi hicho kina mpaka wa chini na wa juu. Ukipungukiwa, unaugua. Ukizidisha, unaweza kuugua pia. Vitamini C na zile za kundi B huyeyuka katika maji, na sehemu kubwa ya ziada hutoka kwa njia ya mkojo. Ndiyo maana anayemeza multivitamini huona mkojo wake umekuwa wa njano kali. Hiyo ni vitamini B2, wala si ishara ya ugonjwa. Vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta. Hizi huwekwa akiba mwilini, na hasa A na D zikizidi kwa muda mrefu hujilimbikiza hadi zikaleta madhara.

Tuanze na maudhi madogo. Multivitamini yenye madini ya chuma inaweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo, choo kigumu au kuhara, na choo hugeuka cheusi. Mara nyingi maudhi ya tumbo hupungua mtu akimeza kidonge baada ya chakula. Niasini, yaani vitamini B3, ikiwa nyingi huleta joto na wekundu usoni. Vitamini C inayozidi miligramu 2,000 kwa siku inaweza kuharisha na, kwa baadhi ya watu, kuchangia mawe ya figo.

Yapo na makubwa. Vitamini A ikizidi hudhuru ini, na kwa mama mjamzito inaweza kuharibu maumbile ya mtoto aliye tumboni. Mjamzito hapaswi kuvuka yuniti 10,000 kwa siku za vitamini A aina ya retinoli. Vitamini D iliyozidi hupandisha kalsiamu katika damu na kuumiza figo. Vitamini B6, ikimezwa kwa kiwango kikubwa kwa muda mrefu, huharibu neva, mtu akaanza kuhisi ganzi mikononi na miguuni.

Labda mtasema hayo ni mambo ya vitabuni. Mfano upo nchini mwetu. Kati ya 2006 na 2009, watafiti jijini Dar es Salaam waliwafuatilia watu zaidi ya 3,400 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kundi moja lilipewa vitamini B, C na E kwa kiwango cha mahitaji ya kawaida ya siku, na kundi jingine likapewa vitamini hizo hizo kwa kiwango kikubwa zaidi. Utafiti ulisitishwa kabla ya wakati wake, Machi 2009. Waliopewa kiwango kikubwa hawakupata nafuu zaidi wala hawakupungukiwa na vifo, bali vipimo vya damu vilionyesha dalili za ini kuelemewa kwa wingi zaidi miongoni mwao.

Kabla ya hapo, katika utafiti ulioanza 1995 jijini humo humo, wajawazito wenye virusi waliopewa multivitamini za B, C na E walinufaika, wao na watoto wao. Lakini vitamini A waliyopewa baadhi yao iliongeza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kwa hiyo jibu la swali “vitamini ni nzuri?” hutegemea ni vitamini ipi, kwa nani, na kwa kiasi gani.

Yapo makundi yanayopaswa kuuliza kwanza kabla ya kununua.

Mama mjamzito hupewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Hivyo aendelee navyo kama alivyoelekezwa, wala asiviache kwa kuyaogopa haya tuliyoyasema. Asichokubali ni kuviongezea multivitamini ya dukani bila mkunga au daktari kujua. Chai na kahawa hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Tunaozoea kuteremshia kila kitu kwa chai tujizuie, tutumie maji.

Mgonjwa wa selimundu, hasa aliyekwisha kuongezewa damu mara nyingi, anaweza kuwa na chuma kingi mwilini tayari. Upungufu wake wa damu hautibiwi kwa kumkisia chupa ya “kuongeza damu”. Apimwe.

Anayetumia ARV yenye dolutegravir ajue kwamba chuma na kalsiamu huzuia dawa hiyo isifyonzwe vizuri. Ama ameze vyote pamoja na chakula, au ameze ARV saa mbili kabla ya nyongeza au saa sita baada yake. Madini hayo huzuia pia doksisaiklini na siprofloksasini. Anayetumia warfarini ajihadhari na vitamini K, kwani hupunguza nguvu ya dawa hiyo na kuruhusu damu kuganda. Na mvutaji wa sigara aepuke vidonge vya beta-karotini: utafiti uliotangazwa Finland mwaka 1994 ulionyesha kwamba wavutaji waliovitumia walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi.

Kuhusu watoto, tunaomba msikilize kwa makini. Vidonge vya chuma vyenye rangi na utamu huonekana kama peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa. Dalili za mwanzo ni kutapika na kuhara, pengine kwa damu. Kisha mtoto anaweza kuonekana amepata nafuu kwa saa kadhaa, hali sumu ingali ikifanya kazi ndani. Nafuu hiyo isikudanganye. Usimtapishe kwa nguvu, usingoje kukuche. Mpeleke kituo cha afya au hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Na chupa hiyo makazi yake ni juu, mahali asipofika mtoto, si kwenye meza ya chai.

Sasa tuje kwenye kununua. Kwanza, jiulize kama unahitaji. Mafuta ya kula na unga wa viwanda vikubwa huongezwa virutubishi kwa mujibu wa kanuni, na watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Juu ya hayo, Tanga haina njaa ya vitamini sokoni: dagaa na samaki wa pwani, machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto, mchicha, kisamvu na maharage. Uchovu usiokwisha unaweza kuwa malaria, kisukari au upungufu wa damu. Kidonge cha vitamini kitachelewesha tu kuujua.

Pili, soma lebo. Tazama jina la mtengenezaji na anwani yake, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kiasi cha kila kirutubishi. Lebo isiyosema kiasi haikuambii kitu. Lebo ya lugha usiyoielewa ni sawa na isiyo na lebo.

Tatu, jumlisha. Anayemeza multivitamini na mafuta ya ini la samaki kwa siku moja anaweza kuwa anakunywa vitamini A na D mara mbili bila kujua.

Nne, nunua mahali penye kibali. Tangu 2019, TMDA inasimamia dawa na TBS inasimamia usalama wa chakula. Uliza bidhaa imesajiliwa wapi na udai risiti. Vidonge vilivyoanikwa juani kando ya barabara, katika joto na unyevu wa pwani, hupoteza ubora hata kama tarehe haijapita. Naye mchuuzi wa “waja leo waondoka leo” hutamkuta kesho ukidhurika.

Tano, kimbia ahadi kubwa. Bidhaa inayodai kutibu kisukari, presha, saratani na nguvu za kiume kwa pamoja haisemi kweli. Mamlaka za nchi mbalimbali zimekuta nyongeza za “nguvu za kiume” zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa inayoweza kuteremsha presha kwa kiwango cha kuua ikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitreti. Na anayekushauri uache dawa za hospitali ili utumie zake, mwache yeye.

Ukidhurika, acha kutumia bidhaa hiyo, tunza chupa na risiti, nenda kituo cha afya, kisha toa taarifa TMDA au umwombe mhudumu akutolee. Wengine huona haya kwa kuwa walinunua mtaani. Msione haya. Taarifa ya mtu mmoja inaweza kuiondoa sokoni bidhaa ambayo ingemfikia jirani yake.

Na kila muendapo Bombo, zahanati au famasi, mtajieni mhudumu kila mnachomeza, vitamini zikiwemo. Hawezi kuwakinga na asichokijua.

Sasa tunakaribisha maswali.