Daftari la Ndiva: Neno la Familia Iliyorejea Nyumbani



Tunawashukuru kwa kutupokea. Tuliondoka mwaka 2012 tukiwa na mtoto mmoja mgongoni. Tulirudi 2023 tukiwa na watatu.

Jumamosi ya mwisho kule Reading, Uingereza, Watanzania wenzetu walituaga katika ukumbi wa kukodi. Kulikuwa na pilau, chapati na machozi. Kila aliyesimama alitusifu kwamba hatukusahau kwetu, kwamba kila mchango wa Usangi tulituma. Nasi tuliitikia kwa kichwa. Sisi ni watu wa hesabu, na stakabadhi zote zilikuwa kwenye faili: mabati, madawati, misiba. Tulipanda ndege tukiamini hatudaiwi na mtu.

Hata bandarini Dar es Salaam mambo yalikwenda vizuri. Wenzetu mlioko nje mfahamu hili: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamsamehe ushuru anayerudi kuishi nyumbani kwa vyombo vyake alivyokwisha kuvitumia, na kwa gari moja alilolimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12. Tunzeni karatasi zenu. Zetu zilikuwa kamili.

Daftari lililotushinda lilikuwa jingine.

Tulipopanda milima kutoka Mwanga kwenda kumwona mama, alituambia tuwapeleke watoto kwenye ndiva. Tuliwaeleza jinsi maji ya kijito yanavyokusanywa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenye mfereji, na kila shamba likapata zamu yake. Mzee anayetunza zamu alitukaribisha, akafungua daftari lake la msaragambo. Humo huandikwa nani alifika kuzoa tope na kuziba kuta, na nani hakufika.

Jina la nyumba yetu lilikuwa na alama ya kufika kila mwaka. Tulishangaa, maana sisi hatukuwepo. Mzee akatueleza taratibu. Miaka ya kwanza mama alikwenda na jembe lake mwenyewe. Miguu ilipomshinda, majirani waligawana siku zetu, huyu Jumamosi hii, yule ijayo, ili zamu ya maji ya mama isikatwe. Hakuna aliyetupigia simu kutudai.

Binti yetu mkubwa, ambaye Kiswahili chake bado kinachechemea, akauliza, "Babu, kwa hiyo tunadaiwa siku ngapi?" Mzee akacheka. "Mjukuu wangu, siku haidaiwi. Njooni Jumamosi."

Tulikwenda. Tulizoa tope mpaka adhuhuri, tukala makande tukiwa tumekaa kwenye majani, na viganja vya watoto vikatoka malengelenge. Usiku ule tulikumbuka sifa za ukumbini, tukaona aibu. Tulichotuma kilikuwa cha kweli na kilisaidia. Lakini tulikuwa tumeandika upande mmoja tu wa hesabu. Upande wa pili, tulichopokea, haukuwa na stakabadhi hata moja.

Ndugu zetu, hatusemi kila aliye mbali arudi. Hata sisi makazi yetu sasa ni Dar es Salaam, maana ndiko kazi ilikopatikana. Tunasema kwamba aliye mbali ana mtu anayemshikia nafasi yake nyumbani, na mtu huyo anazeeka. Mama zetu wanaishi kwa maharage na migomba inayonyweshwa na maji yale, na ndiva yetu inavuja. Tope tutalizoa kwa mikono. Lakini saruji, mawe na bomba la kutolea maji vinahitaji fedha. Ndiyo sababu ya bahasha iliyomo ndani ya kijitabu hiki.

Familia yetu inaahidi shilingi 1,500,000, na inaahidi kufika msaragambo wa Desemba, watu wazima na watoto. Mtakaokuja likizo, njooni na majembe. Msiojaliwa kuja, tumeni mchango, kisha mpigieni simu jirani anayewashikia siku zenu, mmtaje kwa jina, mmshukuru.

Na kila shilingi tutawasomea hesabu yake mwakani, pande zote mbili.

Mungu aibariki Usangi.