Filamu ya "Catch a Fire" na mtu aliyesukumwa vitani



Filamu tuliyoitazama jana jioni ilitolewa mwaka 2006 na kuongozwa na Phillip Noyce. Inahusu maisha ya Patrick Chamusso, msimamizi wa wafanyakazi katika kiwanda cha Secunda, Afrika Kusini, kinachogeuza makaa ya mawe kuwa mafuta. Mwandishi wake ni Shawn Slovo. Mama yake, Ruth First, aliuawa kwa bomu lililotumwa kwa barua mjini Maputo mwaka 1982, kwa hiyo mambo haya aliyajua tangu nyumbani.

Patrick hakuwa mwanasiasa. Alipenda kazi yake, familia na kufundisha vijana mpira. Kiwanda kiliposhambuliwa mwaka 1980, polisi walimkamata na kumtesa. Katika filamu anavumilia hadi anapoona mkewe, Precious, naye amepigwa. Hapo anakiri kosa ambalo hakulitenda. Maelezo yake hayalingani na tukio, naye anaachiwa. Lakini aliyetoka mahabusu si yule aliyeingia. Alivuka kwenda Msumbiji, kisha Angola, akajiunga na Umkhonto we Sizwe, na mwaka 1981 akarudi Secunda na mabomu. (Ofisa Nic Vos, anayeigizwa na Tim Robbins, ni mhusika wa kubuni.)

Wenzetu wa Morogoro watakumbuka Mazimbu, ambako ANC ilijenga shule kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya 1976. Wengi wao walianza safari kama ya Patrick.

Jana wengi mlimlaumu Precious kwa kumsaliti mumewe. Sisi tunaona mmemwonea. Patrick alimficha habari za mtoto aliyezaa nje, kisha akaondoka bila kuaga. Polisi waliukuta ufa huo, wakapenya. Ubaguzi uliingia mpaka chumbani mwa watu.

Patrick alihukumiwa miaka 24, akaachiwa mwaka 1991. Mwishoni mwa filamu tunamwona mwenyewe akiwa na watoto yatima aliowalea katika kituo chake cha Two Sisters.

Vikundi vitakavyoazima filamu hii vizingatie kwamba mateso yake ni makali; watoto wasionyeshwe. Tengeni saa nzima ya mazungumzo baadaye, na kuhusu Precious, akina mama waanze kusema.