Baiskeli ya Umeme Kutoka Ng'ambo: Tazameni Betri Kwanza



Msafiri afikaye Guangzhou huvutiwa na bei nafuu ya baiskeli za umeme. Kabla ya kulipa, someni maandishi ya betri. Zidisheni volti kwa ampea-saa. Jibu ndilo wati-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360.

Kanuni za usafiri wa anga humruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100. Izidipo 100 hadi 160, huhitaji idhini ya shirika la ndege. Ipitayo 160 kwa baiskeli ya namna hii haipokelewi, iwe mkononi au katika mizigo. Mnunuzi asiyejua hayo hurudi na baiskeli isiyo na betri.

Njia iliyobaki ni shehena, ambako betri hiyo huhesabiwa kuwa bidhaa ya hatari. Mdaini muuzaji hati ya majaribio ya usalama iitwayo UN 38.3, pamoja na risiti. Kisha jumlisheni bei, gharama ya usafirishaji na ushuru, ndipo mlinganishe na baiskeli iuzwayo nyumbani kwa dhamana. Huenda unafuu ule usionekane tena.