Kutunza Urithi wa Usukuma ni Kazi ya Ushirika

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu)



Waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za pamba, bei na pembejeo, nasi hatutazirudia. Jambo letu ni moja. Twaomba Chama hiki kikubali kutunza vitu na maarifa ya kale ya Usukuma, kwa utaratibu ule ule wa daftari na stakabadhi tunaoutumia kutunza pamba ya mkulima.

Twajua wako wenzetu wanaouliza, "Ngoma na viti vya watemi vina uhusiano gani na ushirika?" Swali hilo ni la haki, maana fedha za Chama ni jasho la wanachama. Basi yatupasa tulijibu kwanza.

Kabla ya daftari la kwanza la chama kufunguliwa katika nchi hii, vijana wa vijiji vya Usukuma walikuwa na umoja wao wa kazi, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Mwenye shamba aliyehitaji msaada wa kulima au kupura mtama alimwendea huyo. Vijana wakaja na majembe yao na ngoma yao, wakaifanya kazi kwa pamoja, na mwenye shamba akatimiza malipo waliyopatana. Ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake hurusha majembe juu na kuyadaka, ni ngoma ya wakulima. Mdundo wake ndio uliowafanya watu wainue majembe kwa wakati mmoja, na aliyechoka akapata nguvu kwa jirani yake. Wazee wetu walipoambiwa habari za ushirika, hawakuwa wageni wa jambo hilo.

Kadhalika mashindano ya Bagika na Bagalu. Kila mmoja wetu hapa ana upande wake, nasi hatutathubutu kuusifu upande mmoja mbele ya mwingine! Lakini tutazame kanuni ya mashindano hayo. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hapana hakimu wa kuhongwa. Watu wenyewe huamua kwa miguu yao, na mwaka ufuatao aliyeshindwa hurudi na nyimbo mpya. Mkutano mkuu wa chama chochote ungefaa kujifunza hapo.

Sasa tuseme habari za Bujora. Wengi wetu tumepita Kisesa mara nyingi kwa safari za Mwanza na Musoma bila kukata kona kwenda kuitazama Makumbusho ya Wasukuma, nayo iko kilometa zipatazo 20 tu kutoka Mwanza. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alishirikiana na wazee wa Kisukuma kukusanya ngoma, viti, zana na habari za kale, na makumbusho ikafunguliwa mwaka 1968. Kanisa la pale limejengwa kwa mfano wa nyumba ya mviringo ya Kisukuma. Jengo linalohifadhi vitu vya watemi lina umbo la kiti cha enzi. Iko nyumba ya mhunzi, iko ya mganga, na kuna mahali pa vyama vya ngoma, wakiwemo bayeye wachezao na nyoka.

Kamati yetu ilipokwenda huko, jambo lililotushika zaidi ni namna za kuhesabu moja mpaka kumi. Zamani kila rika lilikuwa na hesabu yake, tangu watoto mpaka wazee, na rika moja halikuielewa hesabu ya rika jingine. Kwa hesabu hiyo watu wa rika moja walitambuana. Ndugu zetu, kiti kikipotea huenda kikaonekana tena katika nyumba nyingine. Hesabu hizo zikipotea, hapana fundi awezaye kuzichonga upya. Zimebaki kwa sababu mtu alikaa na wazee, akauliza, akaandika.

Bujora haiwezi kufanya kazi yote ya Usukuma peke yake. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulipoondolewa kwa sheria, vitu vya watemi vilipoteza kazi yake ya kila siku. Vingine vilifika makumbusho, na vingine vimo majumbani mpaka leo. Tena makumbusho ile si mahali pa kuhifadhi habari zetu sisi, wana ushirika. Habari hizo ni nani atazitunza?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliona kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakachanga senti zao, wakaweka wapimaji wao wenyewe, ili mtu aujue uzito wa pamba yake kabla ya kuiuza. Kutokana na juhudi za namna hiyo, vyama vikaenea chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo sifa yake ilivuka mipaka ya nchi. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Ikabidi kungoja sheria ya mwaka 1982 ndipo vyama hivyo viruhusiwe tena.

Tulipozunguka katika vyama vya msingi kutafuta alama za miaka hiyo, haya ndiyo tuliyoyaona. Mahali pamoja daftari za wanachama wa kwanza zimeliwa na mchwa mpaka majina hayasomeki. Mahali pengine mizani ya chuma ya zamani imekuwa kigingi cha kufungia mbuzi. Katika nyumba moja tuliambiwa kwamba kiti cha babu kiliuzwa kwa mpita njia, kwa bei isiyonunua hata debe moja la mahindi. Hatumlaumu aliyekiuza, alikuwa na shida, wala hakuna aliyemwambia kwamba kiti kile kina thamani.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu mbele yenu.

La kwanza, chumba kimoja cha ghala yetu ya zamani kitengwe, kitengenezwe paa na kupigwa dawa ya mchwa, kiwe mahali pa kuweka vitu hivyo.

La pili, kila chama cha msingi kiwe na daftari la urithi. Mwenye kitu akikileta, apewe stakabadhi yenye jina lake na jina la kitu. Kitu kibaki mali ya ukoo wake, nasi tukishike kama amana, na akikitaka siku yoyote arudishiwe. Asiyetaka kukitoa nyumbani, kiandikwe tu na kipigwe picha.

La tatu, kila mwaka baada ya mavuno, vijana wetu wa shule wakae na wazee siku moja, waandike majina ya ngoma, ya zana, ya miti ya dawa, na habari za wapimaji wale wa kwanza kwa wanaozikumbuka au waliosimuliwa na wazazi wao. Simu walizo nazo vijana zaweza kuhifadhi sauti ya mzee pamoja na maandishi yake.

Kuhusu gharama, hatuombi hata senti moja ikatwe katika bei ya pamba. Twaomba sehemu ya mfuko wa elimu, kwa kura ya Mkutano Mkuu, na hesabu yake isomwe mbele yenu kila mwaka kama hesabu nyingine zote. Mkiona baada ya miaka mitatu kwamba kazi haina manufaa, mtakuwa na haki ya kuifunga.

Miaka 10 ya Chama hiki ni fahari kubwa, na majina ya wanachama wake waanzilishi bado yasomeka. Twawaomba mhakikishe kwamba yatasomeka hata wajukuu wetu watakapoyatafuta.

Twaliacha jambo hili mikononi mwenu. Ushirika wetu udumu.