Kuwahifadhi Watoto Wetu na Hatari za Simu

Hotuba iliyosomwa Bwera mbele ya wazazi na walimu wa madrasa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.



Ama baada ya hayo. Nimetakiwa na jumuiya yetu niseme maneno machache katika siku hii ya ukumbusho, nami nimechagua jambo moja liwagusalo watoto wetu wa skuli za praimari, nalo ni simu na intaneti. Huenda mtu akasema, “Hayo si mambo ya sheikh, ni ya mafundi.” Namjibu kwamba Mwenyezi Mungu, katika Sura At-Tahrim, aya ya 6, ametuamrisha tujikinge sisi wenyewe pamoja na ahli zetu. Amri hiyo haikubagua baina ya shari ipitayo mlangoni na shari ipitayo hewani.

Kwanza tukumbuke jinsi simu ilivyoingia mikononi mwa watoto. Skuli za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya Korona, wala hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Ni karibu miaka miwili. Katika nyumba nyingi mtoto alipewa simu ya baba au ya mama apate kupokea masomo. Masomo yakarudi darasani, lakini simu haikurudi mfukoni mwa mwenyewe. Leo mtoto wa darasa la nne aweza kufungua milango ambayo babaye hajui kuwa ipo. TikTok wenyewe wataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Basi mtoto wa miaka 9 aliyemo humo, ameingia kwa kusema uwongo juu ya umri wake, na mara nyingine kaka yake mkubwa ndiye aliyemwandikia uwongo huo.

Sisemi kuwa simu ni haramu. Kwa simu twapokea fedha za wana wetu walioko Kampala na Arabuni, twasikiliza Qur'ani na mawaidha, na mkulima wa kahawa huuliza bei kabla ya kupakia gunia lake. Nisemalo ni kwamba chombo hiki tumempa mtoto bila ya kumpa mafunzo yake.

Tazameni kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, ambacho kila mtoto wa madrasa hukisikia. Ndugu zake walipotaka kumtoa mikononi mwa baba yao, hawakuja na panga. Walikuja na mchezo. Walimwomba baba yao amwachie aende nao akale na kucheza, na wakaahidi kumlinda. Hivyo ndivyo afanyavyo mdanganyi wa leo. Humwendea mtoto katika mchezo wa simu, akamsifu, akampa zawadi ndogo ya mchezoni au vocha, akajifanya mtoto mwenziwe. Na angalieni kuwa waliomtupa Yusuf kisimani hawakuwa wageni. Walikuwa watu wa nyumba yake. Kwa hiyo haitoshi kumwambia mtoto, “Jihadhari na usiyemjua.” Yafaa ajue kuwa hata amjuaye, akimtaka jambo la haya, asimtii.

Kisha walirudi na kanzu yenye damu ya uwongo, kuthibitisha jambo lisilokuwa. Leo kanzu hiyo ni picha. Kwa programu za siku hizi mtu aweza kutengeneza picha ya tukio ambalo halikutokea, na sauti ya mtu ambaye hakusema. Mtoto na afundishwe kwamba si kila aonacho katika kioo cha simu ni kweli.

Lakini liko jambo lililo mwanzo wa kisa, nalo ndilo kiini cha maneno yangu. Yusuf alipoota ndoto iliyomshangaza, alimwendea baba yake akamwambia. Nabii Yaqub hakumcheka, wala hakumkemea, wala hakumwambia, “Niondokee, nina kazi.” Alimsikiliza, kisha akamfundisha habari ipi aifiche, na amfiche nani. Ndugu zangu, je, watoto wetu waweza kutujia hivyo?

Nauliza kwa sababu silaha ya mdanganyi ni hofu ya mtoto kwa mzazi wake. Kwanza humwomba picha ya kawaida. Kisha humwomba picha ya mwili. Akiisha kuipata, hubadilika sauti, akasema, “Nipe fedha, au nipe picha nyingine, ama sivyo nitampelekea baba yako hii.” Mtoto ambaye amhofu babaye kuliko amhofuvyo mtu yule, atatii. Ataiba fedha za nyumbani, atatuma picha ya pili na ya tatu, na kila siku kamba hukaza shingoni. Mtoto ajuaye kuwa mama yake atamsikiliza, hukata kamba hiyo siku ya kwanza. Anas bin Malik, radhi za Mungu ziwe juu yake, alimtumikia Mtume wetu miaka kumi tangu utoto wake, naye alisimulia kuwa hakupata kusikia kwake hata neno dogo la karaha. Huo ndio mlango tunaotakiwa kuuacha wazi.

Sisi watu wa mpakani tunayo mifano yetu. Mwezi wa Juni 2019 maradhi ya Ebola yalivuka kutoka Kongo yakaonekana katika wilaya yetu hii. Mwakumbuka pale Mpondwe kila mwenye kuvuka alinawa mikono na kupimwa joto la mwili. Mwakumbuka pia kuwa ziko njia za panya, ambako mto Lhubiriha huvukwa pasipo askari wala mganga. Simu ni njia ya panya iliyoingia hata chumbani mwa mtoto. Kwa kuwa haiwezekani kuweka askari katika kila kivuko cha namna hiyo, hapana budi mtoto mwenyewe afundishwe kulinda.

Basi tumfundishe haya, kwa Lukonzo au kwa lugha yoyote anayoifahamu vema nyumbani.

La kwanza, jina la skuli yake, mahali anapokaa, njia apitayo na namba za simu za nyumbani si maneno ya kumpa kila mtu. Na namba ya siri ya fedha za mzazi haitajwi kwa yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.

La pili, mwili wake ni amana. Katika Sura An-Nur tumeamrishwa kuwafundisha watoto wadogo waombe ruhusa kabla ya kuingia tulipo katika nyakati tatu za faragha. Kama mtoto aheshimu faragha ya wazee wake, naye ajue ana faragha yake, wala hapana mtu mwenye haki ya kuiona kwa picha.

La tatu, mtu mkubwa amwambiaye mtoto, “Usimwambie mama yako,” huyo amejitambulisha kuwa ni adui. Neno hilo likisikika, mtoto na aende mara moja kwa mama yake.

La nne, ahadi kubwa itokayo kwa mtu asiyeonekana ni mtego. Hapa kwetu jambo hili si la mzaha. Taarifa za wachunguzi wa Umoja wa Mataifa zimeeleza jinsi waasi wa ADF walivyowavuta vijana kwa ahadi za kazi na za masomo, kisha wakajikuta msituni Kongo. Na yaliyowapata wanafunzi wa Skuli ya Sekondari ya Lhubiriha, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, hatuwezi kuyasahau. Mtoto akiletewa habari ya masomo ya bure ng'ambo katika simu, hata ikiwa imepambwa kwa jina la dini, na ailete kwa mzazi na kwa imamu ichunguzwe.

La tano, asipeleke mbele habari asiyoihakiki. Sura Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamuru kuchunguza habari ya fasiki kabla tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Na picha za maiti na za majeruhi hazifai kupitishwa simu kwa simu. Ni mama wa mtu atakayeziona.

Sasa nanyi wazazi. Simu ya mtoto itumike sebuleni, isilale naye. Kaeni naye, mwulizeni anacheza nini na nani. Wala msitoe picha za watoto wenu kila mahali, wamevaa sare yenye jina la skuli. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yataka idhini ya mzazi kabla ya kukusanywa habari za mtoto, basi yawaje mzazi mwenyewe azimwage njiani? Na walimu wa madrasa, tengeni japo nusu saa kila mwezi kwa mafunzo haya. Msiseme tu kuwa ni haramu. Elezeni jinsi mtego unavyotegwa.

Na ikiwa limekwisha kutokea, Mungu atuepushe, fanyeni hivi. Msimpige mtoto. Msimlipe mdanganyi, kwani akilipwa hurudi. Msifute ujumbe wake wala namba yake, bali vipelekeni polisi, kwa afisa wa kulinda watoto na jamaa. Au pigeni simu namba 116, ambayo ni ya msaada kwa watoto nchini Uganda, wala hailipiwi. Picha chafu ya mtoto msimwonyeshe jirani hata kwa kushtaki. Sheria ya Kompyuta ya mwaka 2011 yakataza kuitengeneza, kuisambaza, na hata kuwa nayo. Kisha msitiri mtoto wenu. Aliyedhulumiwa si mwenye kuaibika; mwenye kuaibika ni aliyedhulumu.

Ndugu zangu, tutaulizwa juu ya watoto hawa. Usiku wa leo, baada ya Isha, kila mmoja wetu na amwite mtoto wake, amwambie maneno haya: “Ukiogopeshwa na jambo lolote katika simu, njoo kwangu, sitakupiga.” Akisema, na atimize.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na shari ya wanaoonekana na wasioonekana, awape adabu na elimu yenye manufaa, na sisi atupe masikio ya kuwasikiliza. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.