Kutamka Namba na Kujua Idadi



Mtoto wa miaka mitatu aweza kutamka moja hadi kumi bila kukosea. Lakini akiombwa atoe machungwa manne, huchota tu yanayojaa mikononi. Wapo wazazi wanaomwona mzembe na kumkaripia. Hilo si haki.

Ubongo wa mtoto hupima wingi kabla hajajua neno lolote. Mwaka 2000, nchini Marekani, watafiti Fei Xu na Elizabeth Spelke walionyesha kwamba mtoto wa miezi sita hutofautisha nukta 8 na nukta 16. 8 na 12 humshinda. Akifikia miezi kumi hivi, hata hizo huzitofautisha. Hayo ni makadirio, wala si hesabu.

Idadi kamili huhitaji maneno, nayo hujengwa polepole: kwanza moja, miezi kadhaa baadaye mbili, kisha tatu. Aghalabu ni katika mwaka wa nne wa umri, au baada yake kidogo, ndipo mtoto hung'amua kuwa neno la mwisho alilotamka ndilo jumla ya vitu vyote. Na mtoto wa Kiswahili hukutana pia na watu watatu, viti vitatu, mayai matatu: idadi ile ile kwa sura mbalimbali.

Basi mlezi asitosheke na kumsikiliza mtoto akitamka. Amtume vijiko viwili. Akileta vitatu, vihesabiwe pamoja naye, kimoja kimoja kwa kugusa, kisha jumla itajwe tena: "Vitatu." Ndipo kimoja kirudishwe.